Aliyenasa ndani ya ndege akapona, aliyeruka na parashuti akafa. Nielewesheni

#1 Mbuyu Mkavu
Wakuu, za jioni.

Kuna kisa kinanizungusha kichwa tangu juzi. Usiku wa kuamkia 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao kutua Normandy, Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Pili, ndege ya mabomu aina ya Lancaster ya skwadroni 419 ya Kanada ilitoka Middleton St George, kaskazini mwa Uingereza, kwenda kupiga yadi ya treni ya Cambrai, Ufaransa. Ndani walikuwemo watu saba. Mmoja alikuwa Andrew Mynarski, kijana wa Winnipeg, mpiga bunduki wa kile kibanda cha juu mgongoni mwa ndege.

Kabla hawajafika, ndege ya Kijerumani, Ju 88, iliwajia kwa chini kutokea nyuma ikawatandika. Injini mbili za kushoto zikafa. Moto ukawaka kwenye bawa na katikati ya kibanda cha juu na kile cha mkiani. Rubani akatoa amri watu waruke. Mynarski akashuka, akaufuata mlango. Pale mlangoni akageuza macho nyuma, akaona mwenzake wa mkiani, Pat Brophy, amenasa.

Mlango anao mbele yake, hewa anaisikia. Akauacha. Akatambaa ndani ya moto hadi mkiani, akapiga shoka, akavuta kwa mikono. Wapi. Nguo zake na parashuti vikashika moto. Brophy akampungia: nenda! Akarudi kinyumenyume kwenye moto ule ule, akafika mlangoni, akasimama wima, akampigia mwenzake saluti, akaruka anawaka.

Huyo akafa kwa majeraha ya moto. Brophy akaanguka na ndege hadi chini, akatoka anatembea.

Swali langu: inawezekanaje? Na je, Mynarski alikufa bure?

#2 Chizi Karanga
Naweka kambi hapa na karanga zangu za kuchemsha.

#3 Pilipili Hoho
Mkuu #1 hii ni chai, tena haina sukari. Ndege imeanguka na mabomu ndani, mtu atoke anatembea? Halafu nani aliiona hiyo saluti kama wengine wameruka?

#4 Mbuyu Mkavu
@Pilipili Hoho aliyeiona ni Brophy mwenyewe. Na mabomu kweli yalikuwemo, hawakuwa wamefika kwenye shabaha. Mengi hayakulipuka.

#5 Dogo wa Geti Kali
Namjua huyu! Ni yule rubani wa Kiingereza mwenye miaka 19 aliyepewa Victoria Cross, ile nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, 1944.

#6 Mwalimu wa Zamu
@Dogo wa Geti Kali umekosa vyote vinne, kijana, simama kwenye kona.

Hakuwa rubani, rubani alikuwa Art de Breyne. Hakuwa Mwingereza, alikuwa Mkanada, wazazi wake wahamiaji wa Kipolandi. Hakuwa na miaka 19. Alizaliwa 14 Oktoba 1916, kwa hiyo alikuwa na 27, na kwa kikosi kile huyo tayari ni kaka mkubwa. Na Victoria Cross ilitangazwa 11 Oktoba 1946, zaidi ya miaka miwili baada ya kifo.

Nyongeza: baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 16. Akaacha shule akawa mkata ngozi kwa mtengeneza makoti ya manyoya, alishe nyumba. Jeshi la anga aliingia 1941. Cheo cha uofisa alikipata siku moja kabla ya safari ile.

#7 Dogo wa Geti Kali
Nimekaa kwenye kona, mwalimu. Ila angalau Victoria Cross nilipatia.

#8 Spana Kumi na Saba
Kuhusu kunasa, hapo pa kwangu. Mimi ni fundi wa mitambo mizito, nimekula mafuta ya haidroliki miaka kumi na minne.

Kile kibanda cha mkiani kinazungushwa kwa mafuta yenye presha. Pampu inaendeshwa na injini, na kwa ndege ile ni injini za kushoto. Zimekufa zote mbili, basi huna presha. Sasa mpiga bunduki wa mkiani anatokaje? Parashuti yake haivai akiwa amekaa, nafasi hakuna, inatundikwa nje ya kibanda nyuma yake. Anafungua vimlango vya mgongoni, anaivuta, anaifunga kifuani. Kisha anakizungusha kibanda mpaka vile vimlango vitazame nje ya ndege, anajiachia kwa mgongo. Brophy parashuti aliipata. Kilichobaki ni kuzungusha. Presha hakuna, akashika mkono wa kuzungushia wa dharura. Ule mkono ukakatika.

Hapo kwisha. Mlango umesimama katikati, hautazami ndani, hautazami nje.

Na ule moto haukuwa wa petroli peke yake, mafuta ya haidroliki yalikuwa yanaungua sakafuni. Mwaka fulani bomba la ekskaveta lilipasuka mbele yangu, mafuta yakatoka kama ukungu, yakagusa ekzosi ya moto. Nilikuwa na ovaroli nzito. Alama ninayo hapa mkononi mpaka leo, ngozi imejikunja kama nailoni iliyopigwa pasi. Na mimi nilikuwa nakimbia kuuacha moto. Huyu jamaa alitambaa akaufuata, akatambaa tena kurudi. Mafuta yakishalowa kwenye kitambaa, hata ukitoka nje unaendelea kuungua.

#9 Mama Chausiku
Pole fundi. Ovaroli ilikuwa na mikono mirefu au uliikunja?

#10 Spana Kumi na Saba
Niliikunja, mama. Joto. Sijaikunja tena.

#11 Pilipili Hoho
Haya, kunasa nimeelewa. Kupona sasa. Fundi, mtu anapona vipi?

#12 Ustadh wa Kipwani
Assalamu alaykum. Jamani mnahangaika na spana, jibu liko wazi. Ajali haina kinga na ajali haina mwenyewe. Siku yako haijafika, hata ukitupwa kwenye tanuri utatoka. Imefika, hata ukishika mlango wa kutokea.

#13 Pilipili Hoho
Waalaykum salaam ustadh. Hilo halijanijibu, limenifunga mdomo tu.

#14 Msafiri wa Segera
Mimi nitaeleza yangu, msinicheke. Basi la usiku, tulipita Segera, dereva akalala. Nilikuwa siti ya nyuma kabisa, ile ya watu watano ambayo kila mtu anaichukia kwa kurushwarushwa. Basi lilipiga mti kwa ubavu wa mbele, likazunguka kama mtu aliyeshikwa bega. Nilichokumbuka baada ya hapo ni harufu ya mkonge. Nimelala shambani kati ya mistari miwili, kiatu kimoja sina, simu iko mkononi inawaka tochi. Sijui niliiwasha saa ngapi. Waliokaa mbele, wengi hawakubaki.

Nimesoma jinsi ile Lancaster ilivyogonga: bawa la kushoto lilipiga mti, ndege ikazunguka, mkia ukatupwa, Brophy akarushwa nje. Nikasema huyu ni mimi.

#15 Spana Kumi na Saba
@Msafiri wa Segera umenitolea maneno mdomoni. Kinachogonga kwanza ndicho kinachobeba kishindo. Pua na mabawa vinasagika, vinakula ile nguvu, mkia unafika umebakiwa na kidogo. Na ukizungushwa unarushwa kwa pembeni, hauendi kwenye kile kinachosagika.

#16 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Fundi uko sawa nusu. Mnamsahau de Breyne. Ndege yenye injini mbili za upande mmoja zilizokufa na moto kwenye bawa ingeviringika na kushuka kama jiwe. Ile ilishuka kwa mlalo ikiwa haina mtu kwenye usukani. Rubani alihangaika nayo aiweke sawa ili watu wake waruke, naye akaruka mwisho. Ingeshuka pua chini, Brophy angekuwa udongo. Ukitaka mtu aliyemwokoa Brophy, ni rubani, na hakujua kama amemwokoa. Alidhani wote wametoka.

#17 Kijukuu cha Keya
Kuna wazo moja sijaona limesemwa. Vipi kama yale mapigo ya shoka ndiyo yalilegeza kibanda? Labda Mynarski alifungua asilimia tisini, mti ukamalizia kumi.

#18 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Hilo ni la kwako, hakuna aliyelipima. Ile ndege iliharibika vibaya, hakuna aliyebaki kuhesabu alama za shoka.

#19 Kijukuu cha Keya
Nimesema "labda", mkuu. Punguza mwendo.

#20 Mama Chausiku
Mimi nalipenda la #17 hata kama si kweli.

#21 Chizi Karanga
Mmesahau majani! Kabla ya kuruka walikuwa wamekaa kwenye nyasi pembeni ya ndege, Mynarski akaokota klova ya majani manne, ile Wazungu wanasema ina bahati. Akampa nani? Brophy! Bahati yake kaigawa kwa mkono wake mwenyewe. Halafu ilikuwa safari yao ya 13, wakapigwa tarehe 13. Mimi kwa namba hizo nisingepanda hata bajaji.

#22 Ustadh wa Kipwani
Astaghfirullah, tumefika kwenye majani.

#23 Mwalimu wa Zamu
@Chizi Karanga hayo yamo kweli kwenye simulizi ya Brophy, hukubuni. Ila skwadroni zile kila mtu alikuwa na hirizi: soksi ya mchumba, sarafu, mdoli. Katika wanaanga kama 125,000 waliorukia kamandi ile ya mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Wakanada peke yao ni karibu 10,000. Waliokufa nao walikuwa na hirizi mfukoni, ila hirizi zao hazikurudi kusimuliwa.

#24 Mswahili wa Winnipeg
Habari za huko. Mimi niko Winnipeg mwaka wa tisa, leo nje ni nyuzi 27 chini ya sifuri, kwa hiyo nina muda.

Huku kuna shule yenye jina lake, na kaskazini ya jimbo la Manitoba kuna maziwa yamepewa jina lake. Kule Hamilton, Ontario, kuna Lancaster inayoruka mpaka leo, imepakwa rangi na herufi za ndege yake, VR-A. Duniani zimebaki mbili tu za aina hiyo zinazoruka, hiyo na moja ya Uingereza. Mwaka 2014 ya huku ilivuka Atlantiki ikaenda kuruka pamoja na mwenzake. Niliisikia Hamilton nilipokwenda kumwona dada. Unaisikia kifuani kabla ya masikioni, kama spika ya Mchiriku inapowashwa nyumba ya tatu.

Nilipanga foleni nikachungulia ndani. Wakuu, ule mwili wa ndege ni mwembamba. Ukiwa mnene unapita ubavu ubavu. Njia ya kwenda mkiani inapungua kadiri unavyosogea, mwisho unapiga magoti utake usitake. Nilidhani "alitambaa" ni kwa sababu ya moshi. Hapana, hata bila moto ungetambaa. Ndiyo maana alirudi kinyumenyume: huwezi kugeuka vizuri.

#25 Pilipili Hoho
@Mswahili wa Winnipeg hapo umenipa kitu. Nilikuwa nasoma watu wanasema alirudi kinyumenyume ili asimwondolee macho rafiki yake. Kumbe nafasi?

#26 Mswahili wa Winnipeg
Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mimi nilikuwa najaribu kutoka tu nikagonga kichwa.

#27 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Tuje kwenye saluti. Mtu unawaka kuanzia kiunoni, unasimama kupiga saluti? Nadhani Brophy aliona mkono umeinuliwa kujikinga uso, akili yake ikamalizia.

#28 Kijukuu cha Keya
Sikubali. Soma vizuri. Walikuwa na utani wao. Brophy alikuwa ofisa, Mynarski wa cheo cha chini mpaka ile siku moja kabla, hawalali sehemu moja. Kila usiku wakiachana Mynarski alimpigia saluti ya mzaha na kumwambia "usiku mwema, bwana". Kwenye moto ule Brophy hakusikia sauti, alisoma midomo. Anasema ni maneno yale yale. Mtu mmetaniana naye hivyo usiku baada ya usiku, unaweza kukosea?

#29 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Ndiyo maana naogopa zaidi. Unaona kile ulichokizoea.

#30 Mama Chausiku
Marehemu mume wangu kila akitoka alikuwa anagonga mlango mara mbili kwa nje baada ya kuufunga. Siku alipotoka kwenda hospitali hakurudi. Watoto wanasema siku ile hakugonga, alikuwa ameshikiliwa mikono yote miwili. Mimi nilisikia. Hamtanitoa hapo.

#31 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Pole sana mama. Sikutoi.

#32 Dogo wa Geti Kali
(nikiwa kwenye kona) Mbona nishani ilichelewa hadi 1946?

#33 Mwalimu wa Zamu
Swali zuri, unaweza kurudi kwenye dawati.

Kwa sababu hakuna aliyejua. Fikiria: wote saba walitua sehemu tofauti gizani. Wawili, Friday mlenga mabomu na Vigars mhandisi, walikamatwa na Wajerumani. Wanne, yaani de Breyne, Kelly wa redio, Bodie mwongoza njia na Brophy, walifichwa na Wafaransa. Mynarski aliokotwa na Wafaransa akiwa hai, lakini alikuwa ameungua mno, akafa. Kaburi lake liko Méharicourt. Kwenye vitabu vya jeshi alikuwa mpiga bunduki mmoja kati ya maelfu. Vita ilipokwisha watu wakakutana, Brophy akasimulia, rubani akashtuka na kuanza kufuatilia. Karatasi zikapanda ngazi kwa ngazi.

#34 Pilipili Hoho
Kwa hiyo, tuseme ukweli, nishani kubwa kuliko zote imetolewa kwa maneno ya mtu mmoja ambaye kila hesabu inasema alipaswa kufa?

#35 Mwalimu wa Zamu
Kiini chake, ndiyo. Brophy angekufa, kama Mynarski mwenyewe alivyodhani, tungesoma mstari mmoja: hakurudi.

#36 Mbuyu Mkavu
Hapo mmenigusa kuliko swali langu la mwanzo. Nilikuja na fizikia, sasa nawaza mashahidi.

#37 Mzee wa Gahawa
Vijana, mimi naweka neno moja. Mnasikitika juu, chini je? Yadi za treni za Ufaransa ziko katikati ya miji. Mabomu yale yakikosa reli yalikuwa yanapata nyumba, na Wafaransa wengi walikufa hivyo mwaka ule, hao hao waliokuwa wanawaficha marubani kwenye mabanda ya ng'ombe. Simpunguzii kijana huyo kitu. Nasema tu pale Cambrai napo kulikuwa na watu wamelala.

#38 Spana Kumi na Saba
Mzee umesema.

#39 Kijukuu cha Keya
Ngoja nitoke kidogo kwenye mstari, mtanisamehe. Jina langu la humu silitumii bure. Babu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma 1944 na Divisheni ya 11. Hakuwahi kutusimulia vita. Alichosimulia ni rafiki yake aliyeachana naye Kilindini. Huyo rafiki alikuwa wa mizinga, akapanda Khedive Ismail.

#40 Chizi Karanga
Hiyo ndiyo nini?

#41 Kijukuu cha Keya
Meli. Ilitoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpido. Ilizama chini ya dakika tatu. Walikufa watu 1,297, mamia kati yao askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Nyambizi ikajificha chini ya waliokuwa wanaelea, na manowari za Kiingereza zikaangusha mabomu ya maji pale pale, watu wakiwa bado majini.

Babu alikuwa anasema: "Yule hawezi kuwa alitulia. Alikuwa mtu wa kushika wenzake." Hana ushahidi. Anajua tu. Sasa nikisoma #35 hapo juu, kule nani alibaki kusema fulani alimsukuma fulani kwenye ngazi? Dakika tatu, wako chini sitaha.

#42 Mwalimu wa Zamu
Na tukiongelea Victoria Cross, kwenye vita ile keya ilipata moja: Nigel Leakey, sajenti, mtoto wa walowezi wa Kenya, alikufa Ethiopia 1941 akipanda juu ya vifaru. Ushujaa wake siupingi. Askari Mwafrika wa keya hakupata hata mmoja.

#43 Pilipili Hoho
Na hawakukosa mashujaa. Walikosa wa kuandika barua.

#44 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Au walikosa wa kuisoma.

#45 Dogo wa Geti Kali
Wakuu, kwa hiyo swali la #1 limejibiwa au? Nataka kumwambia mshkaji.

#46 Spana Kumi na Saba
Mwambie mkia na mti.

#47 Rubani wa Kiti cha Nyuma
Mwambie de Breyne.

#48 Ustadh wa Kipwani
Mwambie siku haikuwa imefika.

#49 Chizi Karanga
Mwambie majani manne. Karanga zimeisha.

#50 Mswahili wa Winnipeg
Pale Middleton St George, siku hizi kiwanja cha ndege cha Teesside, waliweka sanamu yake 2005. Ameinua mkono, anapiga saluti. Naona waliochonga walimwamini Brophy.

#51 Mama Chausiku
@Kijukuu cha Keya, huyo rafiki wa babu aliitwa nani?

#52 Kijukuu cha Keya
Babu alimwita "Somo" tu, mama. Walikuwa na jina moja. Kwa hiyo kama ni jina la babu, naye aliitwa Hamisi.